Viatu vya gofu: vya meno au vya vipele?

Umeuliza kama viatu visivyo na meno, yaani vijiti vifupi vya soli vinavyoshika ardhi, vinatosha kwa gofu hapa Mwanza. Kiangazi, Juni hadi Agosti, vinatosha: ardhi ngumu, na vile vipele vya mpira kwenye soli vinashika vizuri, isipokuwa alfajiri tu umande haujakauka. Masika usijaribu. Udongo wa mfinyanzi unajaa katikati ya vipele, soli inakuwa kama sabuni, na mguu wa nyuma unateleza pale pale unapozungusha kiuno kupiga.

Chukua vyenye meno ya plastiki yanayofunguliwa. Ya chuma achana nayo, viwanja vingi vinayakataa kwa sababu yanachana grini, zile nyasi fupi kuzunguka shimo. Meno yakilika nusu, badilisha yote kwa pamoja, ila hakikisha mapya ni ya mfumo ule ule wa kufungia, maana ya mifumo tofauti hayaingiliani. Piga tundu la jino kwenye soli mswaki mkavu kwanza: mchanga ukibaki, jino linakaa upande, halafu linadondoka uwanjani. Kaza kwa ufunguo wake mpaka lidake, basi. Ukizidisha nguvu unaua nyuzi za skrubu.

Vikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, weka kivulini. Ukivianika juani kama dagaa, gundi inaachia.