Kabla hujachukua fomu, uliza kikao kinaanza saa ngapi

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili. Uko mwaka wa pili chuoni hapa Dodoma, unataka kugombea urais wa serikali ya wanafunzi, na wenzako wa kiume wanakushauri uchukue umakamu "ili timu ikae sawa". Halafu unauliza kama zile safari za kwenda vijijini kugawa sabuni na nguo zinamsaidia mwanamke yeyote. Nitayajibu yote kwa kisa kimoja, maana kwangu yalikuja kuwa jambo moja.

Niliingia chuo 2011. Spika wa Bunge wakati huo alikuwa Mama Anna Makinda, mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti, na Bunge lenyewe liko hapa hapa mjini. Kila tukisema wasichana hatusikiki, jibu lilikuwa tayari: "Spika si mwanamke? Mnataka nini tena?" Mimi nilikuwa katibu, watu wananiita mheshimiwa. Vikao vyetu vilianza saa tatu usiku, watu wakishatoka maktaba. Hosteli ya wasichana ilikuwa mbali, njia haina taa, geti linafungwa saa nne. Ikifika saa nne kasoro robo nafunga daftari, naongozana na wenzangu wawili tunaondoka. Mambo mazito, kama bajeti, au nani aende kuonana na uongozi kuhusu bumu (pesa ya mkopo ya wanafunzi) lililochelewa, yalikuwa yanaamuliwa sisi tukiwa tumeshalala. Asubuhi naletewa karatasi, nanakili muhtasari kwa mwandiko wangu mzuri, naweka sahihi. Sikuona kasoro yoyote. Niliona nimeheshimiwa.

Septemba 2012 tulikwenda kujitolea katika kijiji kimoja upande wa Chamwino. Kiangazi cha huku unakijua: upepo na vumbi, visima vimekauka, akina mama wanachimba mchanga korongoni mpaka maji yaanze kuchuruzika. Alfajiri moja nilikwenda na dumu langu nikapanga foleni. Mbele yangu alikuwepo mama wa makamo anachota kwa kikombe, kidogo kidogo, anamimina kwenye ndoo ya lita 20. Ilipojaa akaanza kuviringisha kitenge kutengeneza kata. Hapo ndipo nilipoona dole gumba lake limejaa wino wa zambarau, mpaka pembeni ya ukucha.

Nikamwamkia, nikamuuliza kama kulikuwa na uchaguzi.

"Hapana, mwanangu. Nimesaini kikao."

"Kikao cha nini, mama?"

"Baraza la ardhi. Mimi ni mjumbe. Walikaa juzi jioni, jana wakaniletea daftari nyumbani."

"Mliamua nini?"

Akapiga goti, akajitwisha ndoo, akasimama bila kumwaga hata tone. "Nitaambiwa," akasema, akaondoka.

Nilibaki pale na dumu langu, aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma nisogee. Neno lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa langu. Mimi nilikuwa nasaini kwa kalamu, mwenzangu kwa dole gumba, ila tofauti yetu ilikuwa hiyo tu.

Sasa sikiliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na watatu kati yao wawe wanawake. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 3, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Ni sheria nzuri na watu waliipigania. Pale kijijini wanawake watatu walikuwepo, majina yameandikwa, hakuna aliyevunja hesabu. Ila kikao kilipangwa saa kumi jioni, na saa kumi jioni ya Septemba kila mwanamke wa kijiji kile yuko korongoni anatafuta maji ya kupikia usiku. Na shauri waliloamua siku ile, tulikuja kujua baadaye, lilikuwa la mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji yake.

Tulikuwa tumekuja na maboksi ya sabuni. Tuligawa, watu wakashukuru, na sitaki kuidharau sabuni, nyumba isiyo na senti ikiipata ni msaada. Lakini siku mbili zilizobaki tulizitumia kwa jambo lingine. Tulimwendea mwenyekiti wa kijiji, kwa adabu, tukiwa na mzee mmoja wa pale aliyetutangulia kuongea. Tulimwomba kikao cha baraza kihamie Jumapili baada ya ibada, wakati akina mama wameshatoka na wako pamoja. Alikaa kimya kidogo, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya saa. Aliafiki siku ile ile. Hakuwa mtu mbaya yule mwenyekiti.

Mwezi uliofuata tulirudi watano tu, kwa nauli zetu. Mwenzetu mmoja, binti wa Kigogo, alisoma kile kifungu cha 3 mbele ya akina mama na kukifafanua kwa Kigogo. Shauri la mjane likasikilizwa upya chini ya mti, wajumbe wanawake wote watatu wakiwepo, na yule mama wa korongoni akazungumza kuliko wote. Alijua mpaka wa lile shamba kwa miti yake. Kazi ya baraza ni kusuluhisha, kwa hiyo haikuwa hukumu: shemeji alikubali kurudisha ekari tatu kati ya tano. Nilitaka zote tano. Mpaka leo nazitaka.

Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955, aliwafuata kwenye vikundi vyao vya ngoma, mahali walipokuwa tayari wamekusanyika, kwa saa zao. Hilo nililisoma baada ya safari ile, na ndipo nikaelewa vizuri tulichokifanya.

Niliporudi chuoni nilipeleka hoja kwamba vikao vyetu vianze saa kumi jioni na vifungwe kabla ya saa moja na nusu. Mara ya kwanza nilishindwa, nikaambiwa natafuta upendeleo. Yakafuata maneno ya hostelini kwamba kuna kiongozi ananibeba, na maneno yale yanaumiza, sitakudanganya. Nililia. Mara ya pili nilikuja na daftari la mahudhurio nikawasomea: saa tatu usiku wasichana 4, ikifika saa nne hakuna hata mmoja. Hoja ikapita kwa kura chache. Kabla muhula haujaisha tulikuwa wasichana 11, na wawili kati yao waligombea mwaka uliofuata.

Kwa hiyo kuhusu umakamu: waulize wanaokushauri makamu anafanya nini hasa, anasaini nini, anashika fungu gani. Jibu likiwa ni kukaimu rais asipokuwepo, mdogo wangu, chukua fomu ya urais. Ukishindwa utakuwa umeshindania kitu.

Jambo moja zaidi, maana hili litakufikia hata kama hukulipanga. Ukishakuwa kiongozi, wasichana watakuja chumbani kwako usiku kukueleza habari za alama na mhadhiri. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Usikubali kuimaliza kienyeji, na usimwache binti aende peke yake kuripoti. Nenda naye, kaa naye mpaka aandikiwe, na yeye mwenyewe asome kilichoandikwa kabla hajaweka sahihi.

Ukishinda au usiposhinda, rudi kwenye uzi huu utuambie kikao chenu cha kwanza mmekipanga saa ngapi.