Kabla Hujaniomba Namba ya Muuza Pashmina

Wiki iliyopita nimepokea ujumbe unaofanana na mingine mingi inayoingia inboksi yangu kila baridi inapokaribia: "Dada, habari za majukumu. Naomba koneksheni ya pashmina India. Nina mtaji wa laki tano, nataka niuze elfu ishirini ishirini, msimu usinipite." Nilimjibu kwamba nitaandika. Basi ndiyo haya, na najua si wote mtakaofurahi.

Namba sitoi. Si roho mbaya. Pashmina ni shali ya manyoya laini ya mbuzi wa milimani, na kwa elfu ishirini haipo duniani, na mtu anayekimbilia namba kabla hajajua anauza nini ataletewa akriliki, uzi wa plastiki, kisha yeye naye aende kumwuzia mama yangu mzazi. Mimi shali za milimani, za Kullu na chache za Kashmir, kaskazini mwa India, nilianza kuzishika kabla sijawaza kuziuza hata moja. Mzigo wa mwaka huu umekwisha Juni haijaisha. Njombe na Makete peke yao wamebeba zaidi ya nusu. Ndiyo, najivuna, niacheni nijivune kidogo.

India nilikwenda kusoma. Chuo kilikuwa Solan, Himachal Pradesh, mji uliopangwa juu ya mgongo wa mlima, nyumba moja paa lake liko usawa wa mlango wa nyingine. Baridi ya Januari kule haina adabu. Mwenye nyumba wetu, ambaye wote tulimwita Aunty-ji, alizaliwa bonde la Kullu, na ndiye aliyenifundisha nguo. Vyuo vyangu viwili havikunifundisha kitu kinachonilisha leo kama chumba cha yule mama.

Siku moja kulikuwa na harusi ya kwao, akaniambia siwezi kwenda na jaketi. Akafungua sanduku la bati, akatoa pattu. Pattu ni kipande kimoja kikubwa cha sufu nzito, ndilo vazi la wanawake wa Kullu, na halina kifungo wala mshono. Alikizungusha mwilini mwangu kuanzia chini ya kwapa, akavuta ncha mbili mpaka mabegani, akazibana kwa pini mbili za fedha zilizounganishwa na mnyororo unaoning'inia kifuani. Kiunoni akanikaza mkanda wa kitambaa mpaka nikashusha pumzi. Kichwani akanifunga dhatu, kitambaa kinachokazwa kisogoni. Halafu akanizungusha, akapiga mikunjo ya nyuma kwa kiganja, pa, pa, kama mtu anayenyoosha shuka la mgeni. Uzito wake! Lakini nje theluji ilikuwa inaanguka, na mimi wa Morogoro nilisimama uani nikila wali na dengu kama niko nyumbani.

Ndani ya lile sanduku, katikati ya kila nguo, kulikuwa na majani makavu ya mwarobaini. Nondo hawayapendi. Mwarobaini huo huo tuliochemshiwa utotoni tukapigwa tukiutema! Mpaka leo stoo yangu inanuka mwarobaini na karafuu, na sijawahi kupoteza shali hata moja kwa nondo. Hiyo mnaweza kuichukua kama ushauri wa kwanza. Sufu inaliwa. Ukiagiza mzigo mkubwa ukaufungia kwenye kiroba Dar es Salaam na unyevu wake, Mei utafungua chujio.

Ushauri wa pili ni wa Aunty-ji pia: usitazame ua, geuza nguo. Shali ya Kullu ya asili katikati haina mbwembwe, ni rangi moja imetulia, ya sufu yenyewe au ya kutiwa. Kazi iko kwenye ncha mbili, mistari ya pembe, almasi na ngazi, nyekundu, kijani, manjano, nyeupe. Mfumaji haichapishi ile nakshi. Anakaa kwenye kitanda cha mfumi, anainua nyuzi za mtande, zile za urefu, kwa vidole na kupitisha uzi wa rangi kipande kwa kipande, kisha anapitisha mshindio wa kawaida, uzi wa kukatiza, na kugonga, anaanza upya mstari unaofuata. Nimekaa pembeni ya mfumaji nikamwangalia tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, nakshi ikawa imepanda upana wa vidole vichache tu. Ukigeuza nguo ya namna hiyo, nyuma unaona mkono wa mtu. Ukigeuza ya mashine, nyuma kuna nyuzi ndefu zinaelea, au hakuna kitu kabisa kwa sababu rangi imepigwa juu juu.

Kama unataka kujua nini ni nini, nenda Kullu wakati wa Dussehra, sikukuu kubwa ya Wahindu, Oktoba. Kwingineko India sikukuu hiyo inafika kilele siku ile ambayo Kullu ndiyo kwanza inaanza, na inaendelea wiki nzima katika uwanja wa Dhalpur. Miungu ya vijiji inashushwa milimani kwa machela, na walioibeba wamevaa sufu ya kwao: makoti ya kijivu, kofia za Kullu zenye ukanda wa nakshi mbele. Utawaona na Wagaddi, wafugaji wa kondoo wa upande wa Chamba na Kangra, wenye chola, joho la sufu nyeupe, na kiunoni wamezungushiwa dora, kamba ya sufu nyeusi, mizunguko kwa mizunguko mpaka inakuwa kama tairi. Juu ya ile kamba joho linafanya mfuko, na mchungaji anaweza kubeba humo mwanakondoo aliyezaliwa njiani. Nilimwona mmoja kachomoza kichwa kifuani kwa mzee. Hakuna begi la laptop litakalonishawishi baada ya hapo.

Pale Kullu kuna ushirika wa wafumaji unaoitwa Bhuttico, umesajiliwa tangu 1944, na una maduka yake. Ingia. Bei zao zimebandikwa, na kila kitu kinasema ni sufu gani: ya kondoo wa pale, merino, ya sungura wa angora, au pashmina. Shika kila moja. Funga macho ushike tena. Wauzaji watakucheka, wacha wacheke. Mimi nilifanya hivyo mpaka wakawa wananipa kigoda. Ukitoka hapo ukaenda kwenye vibanda vya watalii Manali, mkono wako utajua wenyewe.

Na mkono ukisitasita, kuna moto. Chomoa uzi mmoja kwenye matamvua, si katikati ya nguo jamani, uushike kwa kibano, uusogeze kwenye kiberiti. Sufu na pashmina zinajikunja, zinanuka nywele zilizoungua, na ukitoa moto hazipendi kuendelea kuwaka. Kinachobaki unakisaga kwa vidole kinakuwa unga. Viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na miti, inawaka haraka na inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka, inadondoka, inaacha punje ngumu nyeusi ambayo hata ukucha hauivunji. Muuzaji mkweli atakupa uzi bila kununa. Ile habari ya kupitisha shali ndani ya pete, ati inayopita ndiyo pashmina, muisahau, viskosi nyepesi inapita kwenye pete bila tatizo lolote.

Sasa pashmina yenyewe, maana ndiyo mnayoiulizia. Mbuzi wake anakaa Changthang, Ladakh, uwanda ulio juu ya mita 4,000, ambako kipupwe kinashuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri. Ndiyo maana chini ya manyoya yake marefu anaota manyoya mengine laini ya kujifunika. Wafugaji Wachangpa wanayachana kwa chanuo majira ya kuchipua, mbuzi anapoanza kuyapukutisha mwenyewe. Mbuzi mmoja anatoa gramu mia na kitu tu kwa mwaka, na humo bado kuna vumbi na manyoya magumu ya kutoa. Uzi wake una unene wa maikroni 12 hadi 16 hivi, maikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Nywele ya kichwani kwako ni kama 70. Kutoka mji wa Leh, huko huko Ladakh, mali inakwenda Srinagar, wanawake wa Kashmir wanaisokota kwa gurudumu la mkono, wanaume wanafuma, wengine wanatarizi. Shali za kani za Kanihama ndizo zinanimaliza: mfumaji hana picha mbele yake, ana karatasi ya alama inayoitwa talim, inayomwambia rangi gani ipite juu ya nyuzi ngapi, na mbele yake vimepangwa vijiti vidogo vya mbao, kila kimoja na uzi wake. Shali moja inakula miezi, nyingine inapita mwaka.

Haya, elfu ishirini. Mgawieni mbuzi, Mchangpa, msokotaji, mfumaji, nauli na ushuru, kisha mnionyeshe faida yako iko wapi.

Nikiandika haya damu inachemka kidogo, na sababu ninayo. Kuna kikundi cha akina mama Arusha, harusi kubwa, waliniwekea oda ya shali za Kullu rangi ya maruni kwa mama zote wa upande wa bwana harusi. Tulikubaliana bei, wakalipa nusu, wakachagua nakshi wenyewe kwa picha. Mfumaji akaifanya kazi. Mzigo ulipofika, katibu wao akanipigia simu, sauti tamu kabisa, "Mdogo wangu, tumeziona mjini kama hizo hizo, moja kwa kumi ya bei yako. Turudishie tu hela yetu." Kama hizo hizo! Nilimwomba achomoe uzi mmoja wa hizo za mjini auchome. Akasema sasa namfanya mtoto. Baadaye nikasikia kwamba mimi ni tapeli niliyesoma India. Neno hilo lilifika mpaka kanisani kwa shangazi yangu.

Hela sikurudisha, maana mfumaji alikuwa ameshakula jasho lake na makubaliano yalikuwa ya maandishi. Zile shali nikazipakia basi la Njombe. Mwalimu mmoja wa Makete alivaa ya kwanza kwenye mahafali ya Juni, asubuhi ya ukungu, na kabla ya wiki kwisha walimu wenzake wakawa wananipigia. Mzigo wote ukaenda. Lakini yule katibu nikimwona kwenye picha za watu mtandaoni bado napandisha hasira, na sijisikii vibaya.

Wanawake wenzangu, tuambiane. Tunalia kwamba wateja hawaheshimu mikono yetu, kwamba mtu anatoa laki kwa kucha halafu anaomba punguzo kwa mfuma vikapu wa Iringa. Halafu sisi wenyewe tukiona kazi ya mwanamke wa Kashmir aliyesokota usiku kucha tunaiita "pashmina" pamoja na kila mtandio wenye matamvua, tunaivutia bei chini. Huwezi kudai thamani ya kikapu chako ukaidharau ya mwenzako. Mteja wako atakuwa vile ulivyo wewe unaponunua. Na mtaji wa laki tano si mdogo, usidanganywe na mtu: unatosha shali za sufu za Kullu chache, nzuri, zenye alama ya Handloom Mark, lebo ya India ya nguo zilizofumwa kwa mkono, uwauzie watu wa baridi ya kweli, Lushoto, Mbeya, Njombe. Anzia huko. Dar es Salaam utauza picha.

Mawili matatu upesi, kwa kuwa mnayauliza. Atakayekunong'oneza kwamba ana shali ya shahtoosh, ondoka. Ile inatoka kwa chiru, swala wa Tibet ambaye hachanwi, anauawa, na shali moja ni swala watatu hadi watano. Biashara yake imepigwa marufuku kimataifa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mpakani hutaeleweka ukisema hukujua. Bhutan nguo zao nazipenda hadi basi, kira, mavazi ya wanawake, za hariri za kijiji cha Khoma sijui wanazifumaje kwa kitanda cha mfumi cha kufunga kiunoni, lakini mgeni analipa dola 100 kila usiku kwa ada ya utalii peke yake, kabla ya malazi na chakula. Kwa mtaji wetu, tuzitazame tu. Na Kashmir, ukinunua pashmina dai lebo ya usajili wa asili, inayotokana na sheria ya India ya 1999 ya alama za kijiografia. Shali iliyopimwa maabara Srinagar inakuwa nayo, na ina namba yake.

Mzigo mpya unatoka Kullu baada ya Dussehra. Pattu nzito nitaleta kwa oda tu, kilo za ndege zinaniua. Nusu ya malipo mapema, kwa maandishi, na hapo sibishani na mtu.