Fundi Anajibu: Ukuta kando ya korongo

SWALI: Papa Fundi, jambo. Nakaa Kadutu, hapa Bukavu, upande wa Nyamugo, kwenye nyumba ya mbao hatua chache kutoka korongo. Mume wangu yuko Kamituga machimboni. Ametuma pesa, anataka nijenge ukuta wa mawe nyuma ya nyumba kabla mvua za Septemba hazijaanza. Jirani wa juu, maji ya bati lake yote yanatushukia sisi. Nina watoto watatu na mama mkwe asiyetembea vizuri. Ukuta utatosha? – Mama wa Nyamugo

JIBU: Mama, jambo sana. Pesa hiyo usiimalizie kwenye mawe.

Ukuta si mbaya. Unaoua watu ni ule usio na njia ya maji. Mvua ikikaza, udongo ulio nyuma yake unalowa, unakuwa mzito, unausukuma, na usiku mmoja mawe yanaangukia kitanda. Ukijenga, fundi ajaze kokoto nyuma ya ukuta na apitishe vipande vya bomba chini ili maji yatoke. Akikwambia matundu yanaharibu sura ya ukuta, tafuta fundi mwingine. (Wapo wanaoyaacha vizuri, halafu siku ya kupiga lipu wanayaziba kwa simenti. Simama hapo uangalie.)

Lakini anza na bati la jirani. Mvua ya milimita 50 kwenye bati la mita 8 kwa 5 inatoa lita 2,000, yaani bidoni 100 za lita 20, zote zikimwagwa nyuma ya nyumba yako. Nenda kwake jioni pamoja na mkuu wa avenyu, bila kelele. Yeye afunge mfereji chini ya bati, nyinyi wawili mchimbe mtaro mmoja wa kuyapeleka maji mbali na kuta zenu. Kazi hiyo ni rahisi kuliko mawe, na mimi ningeifanya kwanza.

Sasa lile ambalo mume wako hakulitaja. Mlima ukiamua kushuka, ukuta wa fundi hauuzuii. Tarehe 4 Mei 2023, kule Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya Kalehe, Kivu Kusini, mvua ilishusha matope na mawe, watu zaidi ya 400 wakafa. Kwa hiyo mjue dalili. Maji ya korongo yakipungua ghafla na mvua bado inanyesha, watu hushukuru Mungu wakarudi kulala. Hapana! Huenda udongo umeziba huko juu, na ukipasuka vyote vinakuja kwa pamoja. Mlango uliokuwa unafunga vizuri ukianza kukwama, uwanja ukipata ufa mpya, nguzo ikiinama, tokeni, hata kama ni saa nane za usiku.

Mnatokea wapi? Msifuate korongo kwenda chini. Kateni pembeni, mpande mbali nalo. Chagua sasa nyumba ya kukimbilia na uongee na wenyewe. Mama mkwe ahamie chumba kilicho karibu na mlango, na kijana wa jirani mwenye mgongo wa kumbeba aambiwe kabla, ambebe hata mara moja mchana aone njia inavyoteleza. Wapeni filimbi wanaokaa juu yenu, maana wao ndio wanaoona kwanza, na simu usiku wa mvua mara nyingi haina moto (chaji) wala mtandao. Kadi ya mpiga kura, vyeti vya watoto, karatasi za kiwanja, dawa za bibi na tochi vikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki, kwenye msumari karibu na mlango. Mbabula (jiko la makaa) na sufuria viacheni.

Pesa ikibaki, ndipo tuongee mawe. Mume akikataa, aniandikie yeye mwenyewe, nitamjibu hapa hapa.