Ukipewa bure, kuna anayelipa: ushauri kutoka kwa muuza nguo za watoto

Nauza nguo za watoto wachanga mtandaoni hapa Dar es Salaam, na wateja wangu wengi hunipata kupitia matangazo ninayolipia Facebook na Instagram. Mengi yanayoandikwa kuhusu taarifa binafsi huandikwa na wanasheria, au na watumiaji walioingiwa na hofu. Mimi naandika kama mtu anayelipa ili tangazo likufikie. Naamini ukijua ninachokiona ninapoliandaa, utaelewa unachotoa na unachoweza kukizuia.

Nikiandaa tangazo, mfumo unaniuliza nataka limfikie nani. Nachagua mji, au naweka alama kwenye ramani na kutaka watu walio umbali wa kilomita kadhaa tu kutoka hapo. Nachagua umri na jinsia, kisha mambo wanayoyapenda: mapishi, harusi, mpira. Yapo pia makundi ya wazazi, yamegawanywa kwa umri wa watoto wao, kuanzia wenye mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Nikimaliza naonyeshwa makadirio ya watu wenye sifa hizo.

Majina yenu siyaoni na namba zenu siletewi. Hapa ndipo wengi hukosea. Facebook haiuzi daftari lenye habari zako kwa wauza nguo. Daftari inalikalia yenyewe, maana ndilo mtaji wake, na sisi tunauziwa nafasi ya kukufikia. Mwaka 2023 Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata mapato ya karibu dola bilioni 135, na takriban asilimia 98 ya fedha hizo ilitokana na matangazo.

Sina kinyongo na mpango wenyewe. Bila matangazo hayo, mtu asiye na fremu Kariakoo angeuzia wapi? Ninachotaka ni utoe ukijua unatoa nini.

Wateja huniambia, "Dada, nilikuwa naongea tu na mume wangu habari za mtoto, kesho yake nikaona nguo zako. Hii simu inatusikiliza." Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android, na hawakukuta hata moja iliyokuwa ikirekodi maongezi kwa siri na kuyatuma. Walichokuta ni baadhi ya programu zilizorekodi yanayofanyika kwenye skrini na kuyapeleka kwa kampuni nyingine. Kwa kweli haihitajiki kukusikiliza. Ulisoma dalili za ujauzito kwenye tovuti fulani, na tovuti nyingi zina kipande kidogo cha msimbo, kinaitwa pikseli, kinachoijulisha Meta kwamba umepita pale. Simu yako nayo ina kitambulisho cha matangazo, yaani namba ya pekee ya simu hiyo, ambacho programu nyingi hukisoma. Kampuni ikipokea taarifa kutoka kwenye programu ya michezo na ile ya kuhesabu siku za hedhi, inaweza kujua kwamba zote zimetoka kwenye simu moja.

Suala la ujauzito linanigusa kuliko mengine, kwa sababu ndipo biashara yangu ilipo. Kwetu mimba changa haitangazwi. Mtu anaweza kuwa hajamwambia hata mama mkwe, lakini matangazo ya nepi yameshaanza kuingia kwenye simu ambayo wadogo zake huiazima. Mimba ikiharibika ni vibaya zaidi. Mfumo haujui kilichotokea, unaendelea kumletea vitanda na vyandarua vya watoto, na kila akifungua simu anaumia upya. Ndiyo maana nimeamua duka langu lilenge wazazi ambao tayari wana mtoto, si wajawazito, ingawa wajawazito ndio hununua kwa wingi.

Una namna ya kujikinga. Kwenye mipangilio ya matangazo ya Facebook kuna sehemu ya mada, na humo unaweza kuchagua kupunguziwa matangazo ya malezi. Google nayo inakuruhusu kupunguza matangazo ya ujauzito na malezi, pamoja na ya pombe, kamari na kupunguza uzito. Hayatakoma kabisa, lakini yatapungua. Kama mdogo wako au rafiki yako amepoteza mimba, mwombe simu umfanyie wewe. Wakati ule hatakuwa na nguvu ya kupekua mipangilio.

Jambo jingine ambalo wateja hawalijui ni orodha za namba. Mfanyabiashara mwenye namba za wateja wake anaweza kuzipakia kwenye mfumo wa matangazo. Zinageuzwa kuwa herufi na tarakimu zisizosomeka, zinalinganishwa na akaunti zilizopo, kisha tangazo linawafuata watu haohao au wanaofanana nao. Namba uliyotoa ili bodaboda akuletee mzigo inaweza kuishia huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka, na inakupa haki ya kukataa zisitumike kwa matangazo ya biashara. Muulize muuzaji, na akikupuuza ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wauzaji wenzangu, ombeni ruhusa kwanza. Meseji moja inatosha, na mteja aliyekubali mwenyewe hanuni akiona tangazo.

Kwenye Android fungua Mipangilio, tafuta neno "matangazo", kisha futa kitambulisho cha matangazo. Kwenye iPhone, tangu Aprili 2021, programu inayotaka kukufuatilia kwenye programu na tovuti nyingine lazima ikuombe kwanza, kataa. Usidhani kukataa kwako ni kazi bure: mwaka 2022 Meta yenyewe ilikadiria kwamba badiliko hilo lingeipunguzia mapato ya takriban dola bilioni 10 kwa mwaka huo. Kwenye akaunti ya Google, weka historia ya shughuli zako ijifute kila baada ya miezi mitatu.

Halafu pitia ruhusa za programu, ukianza na lokesheni. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni iliyotengeneza programu ya tochi iliyopakuliwa na mamilioni ya watu, kwa sababu ilikuwa ikipeleka mahali walipo kwa mitandao ya matangazo bila kuwaeleza. Ramani ipe lokesheni wakati unaitumia tu. Tochi, kikokotoo na michezo ya watoto zinyime, na programu ikigoma kufanya kazi mpaka uiruhusu, ifute utafute nyingine.