Mgodi wa Mjerumani kule Lupa: mashimo yapo, ila mwenyewe siye

Mkuu, nimekusoma. Mjomba wako anatakiwa achangie shilingi milioni mbili ili "wafungue" mgodi wa Mjerumani porini Chunya, ule unaosemekana ulifukiwa mwaka 1916 na masanduku ya dhahabu ndani. Kuna mdau kakujibu kwamba hata Marekani wanao wa kwao uliopotea, kwa hiyo na wa kwetu upo. Mimi nimekulia kwenye machimbo ya Lupa, hukohuko Chunya, nimeanza kwa kuvuta kamba mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia, mpaka nikapata ubia kwenye karasha moja, mashine ya kuponda mawe, upande wa Matundasi. Huu mgodi nimeusikia kwa watu wengi, na kila mmoja ana mlima wake.

Msimamo wangu: mashimo yapo, tena mengi. Mgodi wa Mjerumani wa masanduku haukuwepo.

Angalia tarehe kwanza. Majeshi ya Mwingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka wa kusini mwishoni mwa Mei 1916, yakachukua Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, na mwishoni mwa Agosti yakawa Iringa. Dhahabu ya Lupa imeanza kuvuma 1922, Mwingereza akiwa ameshakalia nchi. Kishindo chenyewe ni cha miaka ya 1930, na sababu yake ni bei. Uingereza iliitenga fedha yake na dhahabu 1931, kisha 1934 Marekani ikapandisha wakia moja kutoka dola 20.67 hadi 35. Wazungu wa kila namna wakamiminika kutafuta maisha, na maelfu ya Waafrika wakaja kuwachimbia au kujichimbia wenyewe. Mji wa Mbeya nao ulinenepea hapo.

Mjerumani alikuwa na mgodi wake wa dhahabu, na haujapotea. Ni Sekenke, kule Iramba, Singida. Mwaka 1916 alipobanwa na vita, dhahabu ya Sekenke ndiyo aliyoitumia kugongea pale Tabora zile sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Sasa jiulize: serikali iliyofikia kutengeneza sarafu kwenye karakana ya reli ingeacha masanduku ya dhahabu yakae Chunya?

Kinachonimalizia ubishi ni hesabu. Chukua mwamba mzuri kabisa, wenye gramu 10 za dhahabu kwa kila tani ya mawe. Nakwambia mzuri, maana wengi tunaponda wa chini ya hapo na tunashukuru. Ili upate kilo moja unaponda tani 100, na hapo tumesema hujapoteza hata punje. Sanduku moja la kilo 50 ni tani 5,000 za mawe. Mawe hayo yalipondwa na kinu gani, maji yalitoka mto upi, na marudio yake, yaani mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu, yamemwagwa wapi? Mdomo wa shimo unaweza kuufukia kwa siku moja. Kilima cha marudio hakifukiki. Kinabaki cheupe, majani yanaota kwa shida, na watoto wa mtaani watakuonyesha kilipo. Sisi tunaoponda tunavitafuta vilima hivyo kuliko hata mwamba, kwa sababu wazee waliacha dhahabu nyingi humo. Kingekuwepo cha Mjerumani, kingekuwa kimeshapita kwenye karasha zetu zamani.

Nimewahi kuingia shimo ambalo wenyeji wote walilihesabu kuwa la Mjerumani, ndani ya miombo upande wa kwenda Saza. Mdomo wake ni mraba, kona zimenyooka kama zimekatwa kwa msumeno, si duara letu la kuchimba mradi mtu apite. Timba, yaani magogo ya kushikilia kuta, zimeoza, ukizigusa zinabomoka vidoleni. Pembeni kulikuwa na chuma kizito, kisigino cha kile kinu cha zamani kinachopanda na kushuka kutwanga mawe, na mtu alikuwa ameshajaribu kukikata akauze chuma chakavu akashindwa. Nilifuta kutu kwa kitambaa chenye dizeli. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na chini yake Johannesburg. Nilipowaonyesha, mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hicho Mjerumani alikinunua." Hapo unabishana vipi?

Watu huuliza, kama si kuficha mali, kwa nini waliondoka na kuacha shimo lina dhahabu? Mchimbaji yeyote anajua. Juu, mwamba umeoza, una kutu, dhahabu imeachia na zebaki inaikamata. Ukishuka unakuta mwamba mbichi wa bluu wenye kungʼaa kwa salfa. Dhahabu imo lakini zebaki haiioni. Maji nayo yanaanza kujaa. Halafu vita ya 1939 ikaja, gharama zikapanda mwaka hadi mwaka, na bei ya wakia ikabaki dola 35 ileile. Hata New Saza, ambao ulikuwa mgodi mkubwa hasa, ulifika miaka ya 1950 ukafungwa. Wale wadogo walishaondoka mapema, wengine na madeni.

Kwa upande mmoja nitawatetea wanaoamini. Mwamba, yaani mshipa wa jiwe lenye dhahabu, kupotea ni jambo la kila siku. Miamba mingi ya Lupa ni myembamba na mifupi. Unaufuata vizuri, gramu zinapanda, ghafla unakatika, ardhi imeusogeza pembeni na hujui ni kushoto au kulia. Mtu akifa au akiugua hapo, anaondoka na siri ya kweli. Halafu sehemu kubwa ya dhahabu ya mwanzo ilikuwa ya mchanga, vipande vya kuokota kwenye vijito, mbali na mwamba wowote. Anayeokota kipande lazima aamini kuna mama yake mlimani. Mara nyingi huyo mama ni vijimwamba vingi vilivyomomonyoka zamani sana, havina mlango wa kufungua.

Ule mgodi uliopotea wa Marekani unasemwa ni wa Jacob Waltz, naye Mjerumani, aliyefia Phoenix, Arizona, 1891. Milima ya Superstition unakotafutwa mgodi huo ni mawe ya volkano kwa sehemu kubwa, si pa kutegemea sana dhahabu, na mwaka 1931 mtafutaji mmoja, Adolph Ruth, aliingia huko na ramani yake akaishia kuokotwa fuvu. Dhahabu yenyewe ilipatikana miaka ya 1890 chini ya milima hiyo, Goldfield, watu wakachimba wakauza. Kwa hiyo mfano wa mdau unaniunga mkono mimi.

Ule msalaba uliochongwa kwenye jiwe ambao jamaa wa mjomba anauita alama ya Mjerumani, mara nyingi ni alama ya wapima ardhi. Nimeuona hata kwenye vilima visivyo na mwamba wowote wa maana.

Mwambie mjomba, kabla hajatoa hela wala mbuzi mweusi wa kafara, amuulize huyo bwana anayemtaka achangie mambo mawili: marudio yako wapi, na leseni ya eneo hilo ina jina la nani. Leseni ndogo ya uchimbaji inatafutwa ofisi ya madini, haina siri. Ramani za zamani za miamba ya Lupa zipo Dodoma, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, mtu anaenda anaomba. Na wakimshawishi ashuke "kuona kwa macho", asikubali. Mashimo yale yana hewa nzito chini, na timba zake nimekwambia zilivyo.