Tanga la Jambiani halikufaa Masirah

Nilishuka Masirah, kisiwa cha Omani, mwezi wa Julai kuteleza baharini kwa ubao wa tanga, na tanga la mita za mraba 5.3 na kiburi cha mtoto wa Jambiani, Unguja. Feri ya kutoka Shannah ilitutua Hilf mchana, na saa kumi nilikuwa ufukweni nafunga mlingoti, mchanga unanichapa miguu. Ami mmoja, mzaliwa wa Ng'ambo ya mjini Unguja aliyehamia Maskati siku nyingi, akasimama kuniangalia.

"Kijana, hilo shuka unalipeleka wapi?"

"Ndilo ninalotumia nyumbani, ami."

"Nyumbani wapi?"

Nikamwambia. Akacheka, akaenda kukaa ndani ya gari lake kusubiri sinema.

Haikuchelewa. Nilikuwa nimeshanasa ndoano ya mkanda wa kiunoni kwenye kamba ya tanga ilipokuja dharuba moja ikaning'oa ubaoni, mimi na tanga pamoja, tukarushwa mbele. Mlingoti ukaipiga pua ya ubao ikapasuka. Na ubao wenyewe wa kuazima.

Kosa lilikuwa la hesabu. Kusi ya Jambiani siku nzuri hupiga kilomita 35 kwa saa. Siku ile kipima upepo cha ami kilisoma 55. Ukisikia hivyo unaona ni kama nusu tu imeongezeka, kumbe nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake: 55 inavuta karibu mara mbili na nusu ya 35. Halafu si upepo mgeni. Kusi hii hii ya kwetu huvuka ikweta, ikapanda na pwani ya Somalia ikizidi kasi, kisha ikapinda kuelekea kaskazini-mashariki, ikapita na pwani ya Omani. Waomani msimu huo wanauita kharif.

Mimi nina kilo 74. Upepo ukiwa kilomita 45 kwa saa nafunga tanga la 4.7, ukifika 55 nafunga 4.2, ukifika 65 nafunga 3.7, na ukipita hapo nakaa garini na ami. Mwenye kilo 90 aongeze kama nusu mita. Ubao nao upungue: nimeacha wa ujazo wa lita 105, natumia wa lita 80, kwa sababu ubao mpana hudundadunda juu ya viwimbi na upepo ukapata njia ya kuingia chini yake. Pezi la chini ya ubao ni sentimita 21. Pezi refu kwenye mwendo mkali huunyanyua ubao mpaka ukabinuka, na wewe unadhani tatizo ni tanga.

Ila tanga dogo lililofungwa vibaya ni afadhali ulale. Wengi hawaivuti vya kutosha kamba ya chini, ile inayolishusha tanga kwenye mlingoti, kwa sababu likivutwa sawasawa halipendezi likiwa mchangani. Ukingo wa nyuma, huku juu, unalegea na kukunjamana kama kanga iliyoanikwa. Ndivyo unavyotakiwa uwe. Dharuba ikija, sehemu ile hupinda na kuumwaga upepo, na mvuto unabaki chini karibu na mikono yako. Mimi huizungusha kamba kwenye mpini wa bisibisi, nikakaa chini, nikakanyaga kitako cha mlingoti na kuvuta kwa mgongo. Kiganja hakiwezi.

Kesho yake nikaja na 4.2. "Sasa umekuja na leso," ami akasema, akanipa kofia yake ngumu.

Leso ile ilinifundisha jambo lililokuwa gumu zaidi kwangu, kwani nimekulia kwenye ngalawa ya babu. Ngalawani dharuba ikija unalegeza demani, ile kamba ya kulivutia tanga, tanga linamwaga upepo, chombo kinatulia. Kwenye ubao unaokimbia, kulilegeza tanga nusunusu ndiko kunakokuangusha. Tanga likiwa limefungwa, yaani umelivuta likashika upepo, uzito wako hupita kwenye ndoano, ukaenda kwenye bumu (si lile bumu la Waarabu wa msimu, ni bomba mbili zilizolikumbatia tanga), ukashuka kwenye mlingoti na kuibana pua ya ubao majini. Ukifungua, uzito ule unaondoka, pua inanyanyuka, na ubao unaanza kuruka kama pweza aliyeguswa na mkuki.

Kwa hiyo chuchumaa kama uliyekalia mbuzi ya nazi. Nyoosha mikono, bumu livute kwenda chini badala ya kulivuta kifuani, tanga libaki limefungwa, halafu elekeza ubao joshini, unakotoka upepo, kidogo ukate mwendo. Usiuache ugeuke mpaka upepo ukawa nyuma ya ubavu, maana huko ndiko kwenye kasi kuliko kote. Ukiona umezidiwa kabisa, chomoa ndoano mapema na ulifungue tanga lote, uanguke nyuma kwa hiari yako. Lakini ukishaanza kurushwa, shika bumu usiachie: mikono ikiachia na ndoano bado imenasa, kichwa ndicho kitakachokutana na mlingoti.

Upepo wa kutoka nchi kavu siingii nao, hata uwe mtamu vipi. Kitu kikikatika, ubao ndio boya lako. Usiuache ukaanza kuogelea, hata ufuo ukionekana karibu.

Na chini ya mlingoti kuna kiungo cha mpira kinachouwezesha kulala upande wowote. Kila nikitaka kuingia nakikunja huku na huku nikitafuta ufa. Mwaka jana niliuona mmoja, mwembamba kama unywele, na kiungo cha akiba nilikisahau Maskati. Siku hiyo nilishinda garini na ami, tunakula nguru wa kukaanga na kuwacheka wenye mashuka.