Chaetoceros inakolea siku tatu, ya nne inazama: anza na silikati na pH

Mkuu, umeuliza kwa nini Chaetoceros muelleri (daiatomu, yaani mwani mdogo sana wenye ganda la silika) kwenye tangi lako la lita 500 lililo nje inakolea rangi ya kahawia kwa siku tatu, kisha siku ya nne inashuka chini na maji yanabaki meupe, ingawa mbolea ya f/2 (mchanganyiko wa kawaida wa kulishia mwani) umeweka kipimo kamili. Mbegu (mwani wa kuanzishia tangi) siilaumu. Mbegu mbovu kwa kawaida hugoma mapema.

Tazama silikati kwanza. F/2 kwa lita 500 ni gramu 37.5 za naitreti ya sodiamu, 2.5 za fosfeti na 15 za metasilikati ya sodiamu (ile yenye molekuli 9 za maji). Ukipiga hesabu ya moli (idadi ya chembe, si uzito), naitrojeni ni kama mara nane ya silika, ilhali daiatomu huzitumia karibu sawa kwa sawa. Silika inaisha naitreti ikiwa bado tele. Seli isiyo na silika haiwezi kujenga ganda jipya, haigawanyiki, inazama. Siku ya pili jioni ongeza gramu 15 nyingine. Ziyeyushe peke yake katika lita moja ya maji yasiyo na chumvi, umimine polepole pampu ya hewa ikivuma kwa nguvu. Usizichanganye na madini mengine ya mbolea kwenye chombo kimoja: silikati iliyokolea ina alikali kali na madini yataganda.

Kisha pH (kipimo cha asidi na alikali ya maji), na uipime saa tisa alasiri. Usiku mwani hupumua na kurudisha kaboni dioksidi majini, nayo hushusha pH, kwa hiyo kipimo cha asubuhi kinakuficha tatizo. Ikivuka 9, kaboni inayoweza kutumika imebaki kidogo na fosfeti huanza kuganda. Ongeza hewa; ukiwa na mtungi wa kaboni dioksidi, changanya kiasi cha 1% ya hewa na ufunge jua likizama. Lenga 8 hadi 8.5.

Joto na mwanga huenda pamoja. Spishi hii inastahimili nyuzi 30 vizuri, lakini tangi la juani mwezi Februari linaweza kufika 35, na hapo unaweza kuipoteza. Weka neti ya kivuli siku ya kwanza, maana mwani ukiwa mwepesi kila seli inapigwa na jua lote na kuungua. Siku ya tatu seli zinatiana kivuli zenyewe, hivyo ondoa neti asubuhi na uirudishe saa sita. Wengi hufanya kinyume chake, na naona hilo ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Pandikiza mbegu ya 10 hadi 20% ya ujazo ili usianze na maji mepesi mno.

Chumvi haisumbui sana kati ya gramu 25 na 35 kwa lita. Maji ya 35 ukitaka yawe 25, kila lita 100 ziongezee lita 40 za maji yasiyo na chumvi wala klorini. Wakati wa masika pima kila unapovuta maji, hasa karibu na mikoko.

Ukiona kwenye hadubini vidudu vinaogelea, mwaga tangi zima, Chaetoceros haiogelei. Chuja maji mapya kwa mikroni 1, tia klorini miligramu 10 kwa lita (mililita 0.2 za dawa ya klorini ya 5%), subiri saa 24, ondoa klorini kwa thiosulfeti na uhakikishe kwa kipimo kabla ya kupanda. Na uvune siku ya tatu.